Namna ya Kuanza Kutazama Tamthilia za Uingereza kwa Aliyezoea Sizoni za Marekani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watazamaji wa Arusha na Moshi waliokulia kwenye sizoni za Marekani, wanaowajua waigizaji wake kwa majina, lakini ambao kila wakijaribu tamthilia ya upelelezi au ya vichekesho kutoka Uingereza huiacha kabla sehemu ya kwanza haijaisha, wakisema kwamba inakwenda taratibu mno, lafudhi haishikiki na hakuna cha kuchekesha. Malalamiko hayo hayatofautiani na ya Wamarekani wengi, ingawa televisheni yao ya umma, PBS, imekuwa ikiwaonyesha kazi za Waingereza tangu mwaka 1971 chini ya jina la Masterpiece Theatre, ambalo siku hizi ni Masterpiece tu, na mwaka 1980 ikaanzisha Mystery! mahsusi kwa hadithi za upelelezi. Nina hakika, hata hivyo, kwamba mtazamaji wa Tanzania ana nafasi nzuri kuliko Mmarekani ya kuzielewa tamthilia hizi, kwa sababu polisi, mahakama na wizara zetu zilirithi muundo wa Kiingereza, na mambo ambayo Mmarekani hana budi kufafanuliwa sisi tunakutana nayo kituoni, mahakamani na maofisini. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuanza.

Anza kwa kubadili hesabu. Msimu mmoja wa tamthilia katika vituo vikubwa vya Marekani kwa miaka mingi ulikuwa na sehemu ishirini na kitu, wakati msimu wa Uingereza mara nyingi una sehemu sita tu, na mara nyingine tatu. Fawlty Towers, ambayo Waingereza wengi huihesabu miongoni mwa vichekesho vyao bora kabisa, ina sehemu 12 peke yake, sita za mwaka 1975 na sita za mwaka 1979. The Office ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2001, ina sehemu 12 pamoja na mbili za Krismasi, ilhali ile ya Marekani, iliyotokana nayo, ilirushwa kuanzia 2005 hadi 2013 na kufikisha sehemu 201. Tofauti hiyo inatokana na namna kazi inavyoandikwa: Marekani huajiri chumba kizima cha waandishi wanaogawana sehemu, lakini Uingereza mwandishi mmoja au wawili hubeba kazi nzima, kama Sally Wainwright alivyoandika Happy Valley, Jed Mercurio Line of Duty, na John Cleese pamoja na Connie Booth Fawlty Towers. Kazi ya namna hii haina sehemu za kujazia. Neno linalotamkwa kwa kupita katika dakika ya kumi linaweza kuwa ndilo linalomtia mtu hatiani katika sehemu ya sita, na mhusika mkuu anaweza kufa katikati ya hadithi bila taarifa. Kwa hiyo usiitazame huku unapika au unajibu ujumbe kwenye simu. Tenga saa nzima, kisha simama. Sehemu mbili kwa jioni zinatosha.

Kagua pia urefu wa nakala uliyo nayo. BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni wanayolipa wenye televisheni, na vituo vyake vya nyumbani havina matangazo ya biashara, hivyo tamthilia yake ya saa moja huwa na dakika 58 au 60 kamili, na kichekesho cha nusu saa hukaribia dakika 29. ITV, ambayo ni kituo cha biashara, inaweka matangazo, kwa hiyo saa yake moja hubaki na dakika 45 hadi 48 za hadithi. Ukiona tamthilia ya BBC ya saa moja ina dakika 43 tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba imekatwa ili kupisha matangazo ya nchi nyingine, na kinachokatwa kwanza ni vile vipande vya ukimya na mazungumzo madogo ambavyo ndivyo roho ya kazi yenyewe. Tafuta nakala kamili.

Kuhusu lugha, ushauri wangu ni kuwasha maandishi ya chini ya skrini kwa Kiingereza bila kuona haya, kwa maana Wamarekani, ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, nao huyawasha. Lafudhi katika tamthilia hizi hubeba habari. Mtu wa Moshi humtambua Mrombo na Mmachame kwa sentensi mbili za kwanza, na papo hapo anajua mengi juu ya walikotoka. Mwingereza naye husikia katika matamshi ya mtu mkoa wake, shule aliyosoma na tabaka la wazazi wake. Vera, iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2025, inazungumza kwa lafudhi ya kaskazini-mashariki, Happy Valley kwa ile ya Yorkshire ya Magharibi, na Shetland kwa Kiskoti. Anayeanza asikimbilie huko. Achague kwanza hadithi zenye lafudhi nyepesi, kama Poirot ya David Suchet, yenye sehemu 70 zilizorushwa kati ya 1989 na 2013, au Inspector Morse, iliyowekwa katika mji wa chuo wa Oxford, halafu asogee kaskazini polepole kadiri sikio linavyozoea.

Sasa tuingie kwenye upelelezi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo Mtanzania anapomzidi Mmarekani. Jambo la kushika ni vyeo. Polisi wa Uingereza hupanda kutoka konstebo kwenda sajenti, kisha inspekta, inspekta mkuu, superintendenti na superintendenti mkuu, na anayejua kwamba kwetu kuna konstebo, sajenti, mkaguzi na mrakibu tayari ana ngazi yote mkononi. Neno linalowachanganya Wamarekani ni detective, ambalo katika majiji yao mengi ni cheo cha heshima, ilhali Uingereza linaonyesha tu kwamba askari yuko upande wa upelelezi. Detective constable ni konstebo kama konstebo mwingine, ila amevaa nguo za kiraia. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kijana fulani anatumwa kuleta chai wakati mwenzake anaongoza mahojiano, na kwa nini superintendenti, ambaye haonekani mara nyingi, akiingia chumbani kila mtu hunyamaza. Tofauti moja tu ikumbukwe: sisi tuna Jeshi la Polisi moja chini ya Inspekta Jenerali, lakini England na Wales zina vikosi 43 vya maeneo, kila kimoja na mkuu wake, na ugomvi wa mipaka kati ya vikosi hivyo ni chanzo cha visa vingi. Sherifu wa kuchaguliwa kwa kura, aliyezoeleka Marekani, Uingereza hayupo kwa maana hiyo, kama ambavyo kwetu hayupo.

Jambo la pili ni bunduki. Askari wa kawaida wa England, Wales na Scotland hatembei na silaha ya moto, na wananchi wamepigwa marufuku kumiliki karibu aina zote za bastola tangu mwaka 1997, kufuatia mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo usingoje mfyatuliano wa risasi. Kikosi chenye silaha kikitokea, kuna mtu mkubwa ametoa idhini, na atawajibika. Line of Duty, iliyoanza 2012 na inayohusu askari wanaowachunguza askari wenzao, inafunguka kwa msingi huohuo: askari wenye silaha wanavamia nyumba isiyo yenyewe, wanamuua mtu asiye na hatia, na ofisa mmoja kijana, Steve Arnott, anakataa kutia saini maelezo ya uongo ya kuficha kosa. Misimu yote sita imejengwa juu ya kukataa kule.

Bunduki ikiondoka, kinachobaki ni chumba cha mahojiano, na chumba hicho ndicho uwanja wa tamthilia ya polisi ya Kiingereza. Tazama mahojiano ya Line of Duty kwa makini. Mashine ya kurekodi hutoa mlio mrefu usiokatika, na hakuna anayesema neno hadi ukome; kisha kila aliyeko mezani hutaja jina na cheo chake, pamoja na wakili. Mtuhumiwa akiwa askari, hudai haki ya kuhojiwa na ofisa anayemzidi cheo angalau kwa ngazi moja, na hapo ndipo ngazi ya vyeo uliyojifunza inapolipa, maana pande zote mbili huitumia kama karata. Baada ya hapo huja majalada, picha na nyaraka zenye namba, zinazosukumwa mezani moja baada ya nyingine, na mandhari hiyo moja huweza kuendelea kwa dakika ishirini au zaidi bila mtu kunyanyuka kitini. Aliyezoea kufukuzana kwa magari ataona hakuna kinachotendeka. Afuatilie nani amebadilisha jibu lake, na nani amemtazama wakili kabla ya kujibu, atakuta moyo unamwenda mbio.

Zingatia pia onyo analopewa mtu akikamatwa. Mmarekani, tangu hukumu ya Miranda ya mwaka 1966, huambiwa kwamba ana haki ya kukaa kimya na kwamba lolote atakalosema linaweza kutumika dhidi yake. Katika England na Wales huambiwa kwamba halazimiki kusema chochote, lakini utetezi wake unaweza kuathirika iwapo atanyamazia wakati wa mahojiano jambo ambalo baadaye atalitegemea mahakamani. Kwa hiyo mtuhumiwa wa Kiingereza anayejibu kila swali kwa kusema hana la kusema anabahatisha, na wapelelezi wanajua. Saa nazo zinahesabiwa: sheria ya mwaka 1984 inawapa polisi saa 24 za kumshikilia mtu kabla ya kumshtaki au kumwachia, superintendenti anaweza kuzifikisha 36 kwa kosa zito, na zaidi ya hapo ni lazima waende kwa hakimu, ambaye anaweza kuruhusu hadi 96. Ndiyo maana katika tamthilia hizi watu hutazama saa ya ukutani kila mara.

Mahakamani utakuwa nyumbani zaidi, hasa ukiwa mkazi wa Arusha uliyewahi kuketi kwenye viti vya wasikilizaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo ilifanya kazi mjini humo hadi mwaka 2015, maana wakili aliyevaa joho akimbana shahidi kwa maswali ya dodoso si kitu kigeni kwako. Mambo mawili tu yatakuwa mapya. Anayemhukumu mtu kuwa na hatia katika kesi kubwa si jaji bali juri la raia 12, ambao Scotland ni 15. Kwetu hata wazee wa baraza walipoketi Mahakama Kuu, maoni yao hayakumfunga jaji. Pia kuna wakili anayemsindikiza mteja kituoni na mwingine anayesimama mbele ya jaji, kila mmoja na taaluma yake, wakati wakili wa Tanzania hufanya yote mawili.

Kwa hadithi ya kuanzia ninapendekeza Broadchurch. Msimu wa kwanza, wa mwaka 2013, una sehemu nane zinazofuata kifo kimoja tu, cha mtoto wa kiume anayekutwa ufukweni chini ya mwamba mrefu katika mji mdogo wa pwani ya Dorset. Badala ya maiti mpya kila wiki, utaona jinsi msiba unavyopita nyumba kwa nyumba, jinsi jirani anavyoanza kumtilia jirani shaka, na jinsi mpelelezi Ellie Miller, anayeigizwa na Olivia Colman, anavyolazimika kuwahoji watu aliokua nao. Msimu wa pili unaipeleka kesi hiyohiyo mahakamani, hivyo mtazamaji anapata mzunguko mzima. Baada ya hapo chukua Happy Valley, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Dakika zake za mwanzo zinatosha kukuonyesha waandishi hawa wanafanya nini: kijana mlevi amejimwagia petroli katika uwanja wa kuchezea watoto na anatishia kujiwasha, na sajenti Catherine Cawood anafika akiwa na kizimamoto mkononi. Anaongea naye kwa sauti ya kawaida kabisa. Anamwambia jina lake, kwamba ana miaka 47, ametalikiwa, anaishi na dada yake aliyekuwa mtumiaji wa heroini, ana mjukuu, na watoto wake walikuwa wawili, mmoja amekufa na mwingine hazungumzi naye. Katika sentensi chache mwandishi ametoa historia ambayo tamthilia nyingine ingeitafutia sehemu tatu, na hakuna hata moja kati ya habari hizo itakayopotea katika sehemu 18 za misimu yote mitatu.

Wapenzi wa Idris Elba, ambaye baba yake anatoka Sierra Leone na mama yake Ghana, watakwenda moja kwa moja kwenye Luther, yenye sehemu 20 za kati ya 2010 na 2019. Ni kazi nzuri, ila ina vitisho vikali, na hapa ni vyema kuzungumzia sebule. Televisheni ya Uingereza huweka mpaka saa tatu usiku, na mambo yasiyofaa kwa watoto hurushwa baada ya saa hiyo. Happy Valley, Luther na Line of Duty zote ni za baada ya mpaka huo. Kama unatazama pamoja na wakwe, mama mzazi au watoto wa shule, chagua Poirot, Vera au Death in Paradise, ambayo ilianza 2011 na hupigwa picha katika kisiwa cha Guadeloupe, bahari ya Karibi, penye minazi, jua na ukoloni uliobaki kwenye mila za ofisi, wazee huipenda.

Vichekesho vinahitaji subira ya aina nyingine. Kichekesho cha Marekani mara nyingi hukupa mhusika wa kupendwa, anayekosea na kusamehewa kabla ya dakika ya ishirini na mbili. Kichekesho cha Kiingereza hukupa mtu anayejiona mkubwa kuliko alivyo, kisha kikamwacha ajiangushe mwenyewe bila kumhurumia. Tuchukue Dad's Army, ya kuanzia 1968 hadi 1977, inayohusu mgambo wa mji mdogo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chini ya kapteni Mainwaring, meneja wa benki mwenye kujikweza. Katika sehemu moja wamemkamata nahodha wa manowari ya Kijerumani, ambaye anaandika orodha ya watu wa kuadhibiwa vita vikiisha. Kijana mmoja wa mgambo anaimba wimbo wa kumdhihaki Hitler. Nahodha anakasirika, anamwambia jina lake nalo litaingia kwenye orodha, anauliza anaitwa nani. Kapteni, kwa sauti ya amri, anamkataza kijana: "Usimwambie, Pike!" Kila kitu kimo humo, madaraka, haraka, nia njema na mdomo uliotangulia akili, na mwigizaji hacheki wala hakonyezi kamera. Ukisubiri kicheko kitangazwe, kitakupita.

Kwa familia inayojua vikao vya kamati ya harusi na ushindani wa sare, hakuna kichekesho kitakachoingia haraka kama Keeping Up Appearances, ya 1990 hadi 1995. Hyacinth Bucket ni mama wa tabaka la kawaida anayelazimisha jina lake litamkwe kwa namna ya Kifaransa, anayewaalika watu chai ili waone vikombe vyake, na anayeishi kwa hofu kwamba wadogo zake walio maskini watatokea mbele ya wageni. Lafudhi yake ni safi, maneno yanasikika, na hakuna matusi.

Wafanyakazi wa serikali nawapendekezea Yes Minister na mwendelezo wake, Yes, Prime Minister, jumla ya sehemu 38 za kati ya 1980 na 1988. Waziri mpya, Jim Hacker, anaingia wizarani na mawazo ya mageuzi, na katibu mkuu wake, Sir Humphrey Appleby, ambaye mawaziri wanamkuta na kumwacha, anayazima kwa adabu kamili, kwa kamati, majalada na sentensi ndefu ambazo mwisho wake hakuna anayekumbuka mwanzo. Mmarekani hupata shida hapa, kwa kuwa kwao vyeo vya juu vya wizara hubadilika kila anapoingia rais mpya. Mtanzania, ambaye wizara zake zina waziri na katibu mkuu, hahitaji ufafanuzi. Onyo ni moja: kazi hii inategemea maneno kuliko zote nilizotaja, na maandishi ya chini ni ya lazima.

Wengi wetu tunamjua Rowan Atkinson kwa Mr. Bean, ambaye karibu hasemi. Mtazame pia katika Blackadder, ambako anasema kwa wingi na kwa ukali. Anza na msimu wa pili, kwa sababu wa kwanza haujakomaa, na umalizie na wa nne, wa mwaka 1989, uliowekwa katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyohivyo vilifika chini ya Kilimanjaro, na majeshi ya Uingereza yaliingia Moshi Machi 1916, kwa hiyo sehemu yake ya mwisho, ambayo inaacha kuchekesha, inatuhusu pia.

Upatikanaji hubadilika, na orodha wanazopeana Wamarekani zisikupotoshe, maana wao wana huduma kama Acorn TV na BritBox, iliyoanza kwao mwaka 2017, na kila huduma hutoa orodha tofauti kwa kila nchi. BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni, imewekwa kwa walio ndani ya Uingereza. Angalia kwanza kilichomo kwenye king'amuzi chako na kwenye Netflix ukiwa hapa nchini, kisha chaneli rasmi za YouTube, ambako vipande vya vichekesho vya zamani ni vingi na ni halali. Kwa anayetegemea bando, punguza ubora wa picha: Netflix yenyewe inakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida na hadi GB 3 kwa ubora wa juu. Tamthilia hizi ni za nyuso na sauti, hazipotezi kitu kikubwa kwenye skrini ndogo. Afadhali fedha hiyo iende kwenye vipokea sauti vizuri vya masikioni.

Ukishamaliza msimu wa kwanza wa Broadchurch, na ukitaka kupima sikio na jicho lako, tafuta Gracepoint, ambayo Wamarekani waliitengeneza mwaka 2014 kutokana na hadithi ileile, kwa sehemu kumi badala ya nane, na mwigizaji mkuu yuleyule, David Tennant, safari hii akiigiza lafudhi ya Kimarekani. Tazama sehemu ya kwanza ya kila moja jioni mbili mfululizo, na uangalie hasa pale mama wa marehemu anapokimbilia ufukweni.